Intaneti ya wageni isiingie ndani

Zuhura shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku Dar sote wazima, na mama anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia vyumba vya juu vimekwisha kupakwa rangi na wageni wa msimu wameanza kuingia. Lile swali lako la intaneti nitalijibu kwa urefu, maana ndani yake limo jambo linalonitia wasiwasi.

Unasema kijana wa mapokezi anashinda akitaja neno la siri. Mgeni kashuka boti ya jioni, begi bado li mgongoni, anaambiwa herufi kubwa, kisha sifuri, kisha alama ya juu. Anakosea, anarudi kuuliza tena. Kwa hiyo unataka msimbo wa QR, mtu auelekezee kamera ya simu aingie. Wazo zuri, nakuunga mkono. Ila kabla hujauchapisha, niambie: utatoa mtandao upi? Kama ni huo huo mnaoutumia nyinyi, subiri kwanza.

Hebu fikiria nini kiko kwenye mtandao wenu. Ipo kompyuta ya mapokezi iliyojaa nakala za pasipoti za watu. Ipo printa, na zipo kamera za ulinzi za ngazini. Mgeni hana nia mbaya, lakini simu yake hujui imebeba programu gani, na ikiwa mtandao mmoja na hiyo kompyuta, njia ya kuigongea mlango ipo. Watu wamekukabidhi pasipoti zao, Zuhura. Hiyo ni amana.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe tangu zamani zina sebule: mgeni anakaribishwa, ananyweshwa kahawa, anastareheka, na vyumba vya ndani vinabaki vya wenyewe. Ruta, yaani kile kisanduku kinachosambaza intaneti, nyingi za siku hizi nazo zina sebule yake. Ukiingia kwenye ukurasa wa ruta (anwani yake, unayoiandika kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini yake) utakuta sehemu ya mtandao wa wageni. Uwashe, uupe jina lake na neno la siri lake. Kisha tazama vizuri: pana mahali panapouliza kama wageni waruhusiwe kufikia mtandao wa nyumbani, na kama waruhusiwe kuonana wao kwa wao. Zima vyote viwili. Ruta ikikuwezesha kuweka kikomo cha kasi, kiweke, ili mtu mmoja anayepakua filamu chumbani asiwanyime wenzake. Na neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, lile lililokuja nayo kutoka dukani, libadilishe leo hii.

Sasa huo msimbo. Ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, Japani, wakitafuta njia ya kufuatilia vipuri vya magari. Kampuni ikaacha watu wautumie bila kudai malipo, ndiyo maana leo umeenea hadi kwenye lipa namba ya muuza urojo. Ndani ya msimbo wa Wi-Fi hamna uchawi. Ni mstari mmoja wa maandishi, kama huu:

WIFI:T:WPA;S:Zuhura Wageni;P:embe-kasa-ngalawa-jahazi;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni neno la siri. Uangalie mstari huo vizuri: neno la siri liko wazi kabisa. Yeyote anayeupiga picha msimbo wako anaweza kulisoma, akamtumia na rafiki yake. Kwa hiyo usiubandike kwenye mlango unaotazama uchochoroni, ambapo waliokaa barazani watauskani. Uweke ndani: mezani mapokezi, na kadi ndogo katika kila chumba.

Kama ulivyoona, neno la siri nimelitunga kwa maneno manne ya Kiswahili. Ni refu, si rahisi kubahatisha, na mgeni mwenye kompyuta anaweza kulichapa bila kusumbuka. Epuka nukta mkato, mkato na nukta pacha ndani yake, kwa kuwa alama hizo zina kazi maalumu kwenye msimbo, na simu nyingine zitakwama.

Kuutengeneza hakuhitaji fundi. Simu ya Android ya kuanzia toleo la 10 inao tayari: unaingia Mipangilio, Wi-Fi, unagusa jina la mtandao, kisha Shiriki, itakuomba alama ya kidole au PIN na kuuonyesha. Hakikisha tu simu yenyewe iko kwenye mtandao wa wageni wakati huo, la sivyo utachapisha ufunguo wa ndani. Zile tovuti za kutengeneza misimbo bure sizipendi kwa kazi hii: za nini kumpa mtu usiyemjua neno lako la siri? Upande wa wageni, kamera ya iPhone inausoma tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi za Android za sasa vilevile. Wenye simu za zamani na kompyuta waandikie jina na neno la siri kwa maandishi manene yanayosomeka chini ya msimbo.

Ukienda steshenari, waambie weusi juu ya weupe, na ukingo mweupe uachwe pande zote nne, wasiukate. Laminesheni ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa, kamera ikashindwa kusoma, omba isiyong'aa. Fundi wa Darajani aliyekuahidi kuuchonga msimbo kwenye mninga, mwambie asante, asiuchonge. Neno la siri itabidi ulibadilishe mara kwa mara, angalau kila msimu unapokwisha, na kila likibadilika msimbo wa zamani haufai tena. Tumia fremu ya kusimama ambayo karatasi yake inatolewa na kuwekwa nyingine. Mninga mwache aichonge fremu.

Na msimbo huu utenganishe na kibandiko cha lipa namba, mtu asije akachanganya. Juu yake uandike INTANETI YA WAGENI, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kijana wa mapokezi aukague kila asubuhi kuona hakuna aliyebandika kingine juu yake.

Jambo moja siwezi kulimaliza nikiwa huku: kuta zenu za mawe ya matumbawe ni nene, na naamini chumba cha nyuma ghorofa ya pili hakipati kitu. Nitakuja Ijumaa na ruta ya pili. Hadi hapo, washa huo mtandao wa wageni, na usichapishe chochote kabla sijaona mipangilio.

Nisalimie bibi na watoto.

Wako akupendaye,
Mwanaidi