Asilimia 0.3 ya shilingi ngapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Mtwara hatujalimaliza tangu Desemba 2012, watu walipojaa barabarani wakisema gesi asilia ya huku haitoki Mtwara kwenda Dar es Salaam.

Gesi ilitoka. Mwaka 2015 bomba la zaidi ya kilomita 500, lililojengwa kwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, lilifika Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme. Sina kinyongo na wenzetu wa Dar kupata umeme, nchi ni moja. Hapa Mtwara nyumba chache za mjini zimeunganishiwa gesi ya kupikia. Kwetu Mikindani mama bado ananunua mkaa wa kopo, na masika ukilowa anapuliza jiko mpaka macho yanamwiva.

Lakini kinachoniuma hasa ni hesabu. Kisheria halmashauri inastahili ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ghafi ya kampuni ya gesi. Nilimuuliza diwani mmoja wa huku kusini: asilimia 0.3 ya shilingi ngapi? Akanijibu kwamba wao wanaona hela imeingia, basi. Bei ya gesi imeandikwa kwenye mkataba wa serikali na kampuni, na mkataba huo diwani hajawahi kuutia machoni. Tumempigia kura atusimamie, atasimamiaje asichokijua?

Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya 2015, inayohusu madini, mafuta na gesi, inataka mikataba iwekwe hadharani. Mwaka 2017 Bunge likajipa mamlaka ya kupitia mikataba ya maliasili yenye masharti hasi. Vizuri, ila mkataba ukishasainiwa maji yamekwisha kumwagika.

Ndiyo maana naandika sasa, mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi cha Likong'o, Lindi, yakiwa yamechukua miaka mingi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Rasimu ya mkataba ipelekwe bungeni kabla ya kalamu kushikwa. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa kijiji Likong'o kwenyewe: bei, mgawo wa serikali, kiasi kitakachobaki nchini kwa viwanda na majiko yetu. Mkulima wa huku anapopisha mradi, minazi na mikorosho yake huhesabiwa mti kwa mti na yeye hutia dole gumba kwenye fomu. Serikali na kampuni nazo zituhesabie hivyohivyo, kifungu kwa kifungu.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara