Jumamosi: shoti moja bila kukata

Habarini za jioni wapendwa. Jumamosi saa nane mchana tunakutana palepale Moshi mjini, na safari hii tunajifunza kwa mwongozaji filamu Béla Tarr wa Hungaria. Filamu yake ya mwaka 2011 ina shoti (vipande vilivyorekodiwa mfululizo bila kukata) kama 30 tu kwa karibu saa mbili na nusu! Baada ya hapo akafungua shule ya filamu Sarajevo, Bosnia, 2013, kulea vijana. Bingwa kuketi na wanaoanza, hilo linanigusa sana.

Kila mtu aje na shoti moja ya dakika tano. Juzi Mbuyuni nilimrekodi mama akipanga mafungu ya ndizi; alipomaliza akafuta mikono kwenye khanga, akautazama mlima. Ningekata mapema nisingelipata hilo. Simu inatosha, ila iegemezeni isitikisike. Aliyechukua kebo ya projekta airudishe tafadhali.