Barua kwa binti yangu aliye bweni

Mwanangu,

Hujambo? Huku Moshi sote wazima. Bibi yako wa Kibosho anakusalimu, juzi katuletea mkungu wa ndizi.

Mkifunga shule, tarehe 13 Juni itakukuta nyumbani. Ndiyo siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, inayoadhimishwa tangu mwaka 2015. Mwaka huu nataka tuiadhimishe kwa kusoma, na mimi na mdogo wako tumeshaanza.

Jumamosi nilimpeleka maktaba ya mkoa. Alivua kofia, akakivuta kiti mbali na dirisha kwa sababu ya macho yake, akainamia kitabu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Nilikuwa nimechukua Takadini cha Ben Hanson, kile kilichosomwa sana sekondari zetu. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa kunong'ona. Sekai, mama aliyekaa miaka bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila za kwao zinataka mtoto huyo auawe, naye anakimbia naye. Hapo mdogo wako akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Mama, huyu atakufa?"

Nilinyamaza kidogo. Habari alizowahi kuzisikia redioni za watu kama yeye, nyingi ni za vifo. Nikamwambia hafi. Anakua, mzee mmoja anamfundisha kupiga mbira, anaoa. Akaondoa kiganja.

"Basi endelea."

Mwanangu, likizo iliyopita pale stendi kijana mmoja alimwita mdogo wako lile jina ambalo siliandiki hapa. Ukaongeza mwendo, ukatangulia kama hamjuani. Nilikuona. Sikukugombeza, kwa sababu siku niliyotoka naye hospitali nilimfunika uso kwa kitenge mpaka nyumbani, na siku hiyo jua halikuwepo. Naijua aibu ile, na najua iliniibia siku zake za kwanza. Sitaki ikuibie na wewe.

Kwa hiyo kuna kitabu nataka ukisome wewe kwanza: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akawa anatembeza vyungu akiuza. Alipoanza kusikika kwa uimbaji, waliomwonea kijicho walimtungia nyimbo za kumcheka sura yake na asili yake. Naye akawajibu kwa wimbo: uzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikafika hata kwa waliomcheka. Sehemu hiyo ya majibizano msomee mdogo wako tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Ukikwama kwenye neno muulize baba yako, Kiswahili cha Tanga ndicho kilichomlea.

Ukibaki na muda, soma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake. Kinauma, ila mimi ndicho nilichokichagua kwa tarehe 15 Mei, siku ya familia, na nilikisoma hadi usiku mkubwa.

Hapa nyumbani mengine ni yale yale. Mafuta ya jua ya mdogo wako, yale yanayotengenezwa hapa hapa hospitali ya KCMC, yamekaribia kwisha, nitayafuata Jumatatu.

Takadini tulikiazima, tumefika katikati, na sasa mwenyewe amekataa tusiendelee. Ameweka tiketi ya basi kwenye ukurasa tuliofikia. Anasema sauti yangu ni ndogo mno, iliyobaki utamsomea wewe, jioni jua likishapoa, pale barazani wanapopita watu.

Mama yako