Mnara upo, umeme upo, sensa ya mto inakosaje pa kukaa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu kufunga vifaa vya kupima mto kwenye minara ya simu, na nakuomba usikate sana maana hili jambo ukilipunguza halieleweki. Mimi ni fundi wa minara ya simu, napanda mwaka wa kumi na moja sasa, mkoa wa Morogoro sehemu kubwa nimeshaipanda kuanzia Gairo mpaka Malinyi, na nyumbani kwetu ni Kilosa. Watu wa Kilosa nikisema mto Mkondoa wanajua nasema nini. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 ule mto ulikuja ukabeba nyumba, ukabeba tuta la reli ya kati huko kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama miezi, na ndugu zetu wakaishi kwenye mahema. Na kitu ambacho mtu wa mbali haelewi ni kwamba Kilosa inaweza isinyeshe kabisa, jua linawaka, watu wameanika mpunga, afu maji yanakuja tu, kwasababu mvua ilinyesha huko juu upande wa Mpwapwa na Dodoma, ikashuka na mto Kinyasungwe, ikapita Gulwe, ikapita Kidete, ndo ikatufikia sisi. Yaani taarifa ya mafuriko inakuwepo tayari huko juu ya mto, inakosa tu wa kuileta.

Wa kuileta yupo siku hizi. Kuna sensa ya mto, sio ile ya kuhesabu watu, ni kiboksi kidogo kinafungwa chini ya daraja kinatazama maji, kinapiga mlio usiosikika na sikio au mawimbi ya rada, kinasubiri yarudi, basi kinajua maji yako umbali gani na yamepanda kiasi gani. Kila baada ya dakika 15 kinatuma namba chache, baiti kumi na kitu tu, fupi kuliko hata meseji ya "nipigie". Kinatuma kwa nguvu ya miliwati 25, ndo maana betri moja ya lithiamu inakaa miaka bila kuguswa. Teknolojia yenyewe inaitwa LoRa, ilianzia Ufaransa, na uzuri wake ni kwamba sauti ndogo namna hiyo inasikika mbali sana, kilomita 10 na zaidi kama hamna kilima katikati. Ila lazima kuwe na anayeisikiliza, na anayeisikiliza ndo getiwei. Getiwei ya nje ni boksi la aluminiamu lisiloingiza maji, unalibeba kwa mkono mmoja, na antena yake ni fimbo nyeupe ya fiba ya mita moja hivi. Inakula umeme chini ya wati 13, taa moja ya sebuleni. Getiwei moja inasikiliza sensa mamia, za mto, za mvua, za visima, mita za maji za mamlaka, hata za kwenye maghala, afu inazituma intaneti kwa laini ya simu au kwa ruta iliyopo hapo hapo mnarani.

Sasa Mhariri hapa ndo kwenye pointi yangu. Kinachoamua getiwei itasikia mpaka wapi ni urefu. Ukiifunga kwenye paa la mita 5 upeo wake kwenye tambarare ni kama kilomita 8, ukiipandisha mita 45 upeo unafika kama kilomita 24, kifaa ni kile kile na bei ni ile ile. Na mita 45 tunazo, zimesimama kila kona ya nchi hii. Mnara una betri, una sola au jenereta, una uzio, una mlinzi, una fimbo ya radi na waya wa kopa ulioshuka mpaka ardhini, una barabara ya gari kufika. Vyote hivyo vimeshalipiwa. Mtu akitaka ajenge nguzo yake peke yake kwa ajili ya sensa atatumia hela nyingi kuliko sensa zote na getiwei yenyewe.

Na sio maneno yangu ya kijiweni. Uholanzi kampuni ya simu ya KPN ilianza na Rotterdam na The Hague mwezi wa 11 mwaka 2015, kufika mwisho wa Juni 2016 nchi nzima imefunikwa na LoRa. Miezi minane tu! Waliwezaje? Hawakujenga minara mipya, walipanda kwenye minara yao ya simu iliyopo wakafunga getiwei na antena, mnara baada ya mnara, basi. Uholanzi nayo ni nchi ya mafuriko, kama robo yake iko chini ya usawa wa bahari, wanajua thamani ya kupima maji.

Huku kwetu niliyoyaona ndo yamenifanya niandike. Kuna mradi mmoja wa kupima maji nilishirikishwa kama fundi, sitaji nani na wapi maana sio lengo langu kumchafua mtu. Vifaa vilikuwepo, sensa zimeshafika, vijana wamesoma wanajua kazi. Wakaomba nafasi kwenye mnara. Majibu yalichukua miezi, na yalipokuja bei ya kodi ya mwezi ilikuwa ya mpangaji mzima, yaani kama vile wanaleta seti kamili ya mtandao wa simu, antena za sekta tatu, zile ndefu za kurushia simu, na redio zake na makabati yake. Mimi nilijaribu kueleza, jamani antena moja ya sekta ina urefu wa mita mbili na upepo ukiipiga unasikia mnara unatikisika, hiki ni kifimbo, seti ya simu inakula kilowati na hii inakula wati 13, inakuwaje bei ziwe sawa. Wakaniambia fomu ndo hiyo, hamna fomu nyingine. Basi vijana wakaenda kufunga kwenye paa la ghala la mtu. Mwezi wa tatu tangu wafunge sola imeibiwa, na hata kabla haijaibiwa sensa za upande wa pili wa kilima zilikuwa hazisikiki. Mradi ukafa hivyo hivyo. Zile sensa mpaka leo ziko kwenye katoni.

Nisiwe wa kulaumu upande mmoja, wenye minara nao wana hoja na mimi nakula kwao. Mnara una mahesabu ya uzito na upepo, ukiacha kila mtu apande na boksi lake siku moja utaanguka au mtu atakufa. Na getiwei ikifungwa vibaya inajiharibu yenyewe. Hili nalisema kwa uzoefu, kosa nililifanya mimi mwenyewe. Ya kwanza kabisa niliyowahi kufunga niliipeleka juu kabisa, nikaona juu ndo kuzuri, nikaibana mita moja hivi pembeni ya antena ya sekta ya simu ya masafa ya megahezi 900. Tukashuka, tukawasha, kimya. Inasikia sensa iliyopo kijijini hapo tu, za mbali hata moja. Kumbe LoRa yetu inatumia megahezi 868 na hiyo jirani yake inarusha kwa makumi ya wati kuanzia 925 kwenda 960, ni majirani wa karibu hao. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona huku umeegemea spika ya singeli. Siku ya pili nikapanda tena, nikaishusha mita sita chini ya zile antena, nikaitoa nje kwa mkono wa chuma isibanane na mnara, na kati ya antena na boksi nikaweka filta inayopitisha 868 tu na kukata zingine. Nikiwa bado nimening'inia na mkanda kijana wa chini ananipigia simu anapiga kelele, zimeingia zote, zimeingia zote.

Kingine ni umeme. Umeme wa mnarani ni volti 48 lakini wa kinyume, waya wa chanya ndo umefungwa ardhini, sio hasi kama kwenye gari. Fundi aliyezoea sola za nyumbani anaunga kwa mazoea, fyuzi inakatika, na akiwa na bahati mbaya anazima na vifaa vya mwenye mnara, kata nzima inakosa netiweki na M-Pesa mchana kweupe. Kwahiyo inatakiwa kibadilishi maalum cha volti 48, fyuzi yake peke yake, na kizuia radi kwenye kebo ya antena kilichofungwa kwenye ile kopa ya mnara sio kwenye chuma chochote kilicho karibu. Hivi vitu ni vya bei ndogo. Mwenye mnara akiviandika kwenye karatasi moja kwamba atakayekuja afunge hivi na hivi, apandishwe na fundi mwenye cheti, hofu yake yote inaisha, na hapo hana sababu ya kumtoza mtu kodi ya mtandao mzima.

Najua kuna atakayeuliza kwanini kila sensa isiwekewe laini ya simu yamalizike. Inawezekana, sehemu zenye netiweki nzuri. Lakini madaraja ya huko juu mengi yako kwenye makorongo, simu hata ya tochi inatafuta netiweki, na modemu ya simu ikitafuta netiweki inamaliza betri haraka. Afu kila laini inataka vocha kila mwezi, na sote tunajua vocha ya kifaa cha umma inaishia wapi mwaka wa fedha ukibadilika. Getiwei ni laini moja kwa sensa zote.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wizara ni hili. Kushirikiana miundombinu sio kitu kigeni kwetu, ipo kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake, kampuni za simu zinapanga mnara mmoja kila siku. Liongezwe kundi la mpangaji mdogo, mwenye kifaa cha chini ya kilo kadhaa na chini ya wati kadhaa, lenye bei yake ndogo iliyotangazwa hadharani na muda wa kujibu ombi, wiki sio miezi. Na kwa ile minara iliyojengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote naona hata bei isiwepo kama kifaa ni cha kupima mto au mvua kwa ajili ya wananchi. Mei 2023 zilisainiwa pale Dodoma mikataba ya minara 758 ya vijijini, hela yetu wote ipo mle. Mnara unaosaidiwa na umma ukiwa na nafasi moja ya bolti kwa ajili ya umma sio kumuonea mtu. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo hapa hapa Morogoro, watu wa hali ya hewa wapo, halmashauri zipo, wote hao wanahitaji zile namba, na sasa hivi kila mmoja akitaka kuweka kifaa anaanza moja, nguzo yake, sola yake, na mwizi wake.

Kuna mnara mmoja huko juu upande wa Kidete nimeupanda mara nyingi, uko kwenye kilima, ukikaa juu unaona bonde lote na reli kule chini inavyofuatana na mto. Katikati ya mnara kuna mabano matupu, vile vyuma vya kushikia antena, kulikuwa na antena ya zamani ikashushwa, bolti bado zipo na hazijashika kutu, kebo inaweza kupita kwenye ngazi bila kuchomoa chochote. Ni kazi ya nusu siku. Masika inaanza mwezi wa tatu, na mwenye mnara akitoa kibali nitapanda mimi mwenyewe bila malipo, mkanda ninao na filta ninayo.

Fundi wa minara,
Kilosa, Morogoro