Yule mjusi wa kwenye kuni

Kakamega, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ambani,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, mvua haituachi, na ng'ombe wa Mama Violet bado anaingia shambani kwangu kama alivyoingia kwa baba. Najua nina deni la barua mbili. Utanisuta tukionana.

Jumanne nilikuwa nahamisha lile rundo la kuni nyuma ya jikoni, upande wa msituni. Nikainua gogo lililooza, akachomoka yule mjusi wetu. Unamkumbuka? Mgongo rangi ya shaba, mbavu nyekundu kama pilipili iliyoiva, zimetiwa madoa meusi na meupe, magamba yanang'aa utadhani amepakwa mafuta sasa hivi. Panga lilikuwa mkononi, nikapiga kabla sijafikiri. Kichwa nikakikosa, nikapata mkia. Mwenyewe akazama kwenye majani makavu kama samaki, mkia ukabaki unacheza peke yake kando ya mguu wangu. Mtu mzima wa miaka 43, niliruka hadi mke wangu akatoka na mwiko!

Yote ni kwa sababu ya bibi yako na ile "akikuuma hufiki mtoni". Kumbe hana sumu hata tone. Anakula wadudu, basi, na muda mwingi anajificha chini ya magogo. Kijana mmoja anayetembeza wageni pale Isecheno, kituo cha msitu, ndiye aliyenieleza, nami nikaona aibu. Anasema zamani wote walihesabiwa aina moja, ile iliyopewa jina mwaka 1836 na mtaalamu aitwaye Burton kwa mjusi wa kisiwa cha Bioko, huko Guinea ya Ikweta. Mwaka 2009 wataalamu wakawagawa aina tatu, na wetu akapewa jina la kisayansi Lepidothyris hinkeli. Yaani sisi tulimfukuza kwa mawe tangu darasa la pili, naye hata jina lake hakuwa nalo! Msitu wetu ni kipande cha mwisho cha misitu ya Kongo upande huu wa mashariki, kwa hiyo mimi namwona kama Mkongomani aliyekosa gari la kurudi.

Ndugu zake wa Afrika Magharibi huuzwa Ulaya na Marekani, wakafugwa kwenye masanduku ya kioo. Na sisi tunawakata mapanga.

Mkia utaota, najua, lakini mafuta yake ya akiba yalikuwa humo. Kila asubuhi naenda kuchungulia pale. Sijamwona.

Sasa shida yangu. Ijumaa nimeitwa shuleni kuongea na watoto wa gredi ya nne kuhusu msitu, na sitaki kuwaonyesha mkia uliokauka. Ile picha uliyopiga siku ya mazishi ya mzee Shikuku, bado unayo? Unaweza kunitumia kabla ya Alhamisi? Na yale mayai tuliyofukua kwenye kichuguu, yalikuwa yake au ya kenge? Mkia mpya huwa na rangi ileile, au anabaki na kiraka? Mama anaendeleaje na goti? Kutoka huko Mombasa mtarudi lini, au mmekuwa Waswahili kabisa?

Rundo nimeliacha palepale. Mke wangu anauliza tutapikia nini.

Wako,
Luvai