Kreta ya Empakaai hairudiki kwa haraka

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase vijana wa Mombasa wanaojiandaa kwenda kreta ya Empakaai, katika nyanda za juu za Ngorongoro nchini Tanzania. Nimeonyeshwa ratiba ya kikundi kimoja cha hapa mtaani Tudor, nayo imenitia wasiwasi: wataondoka Ijumaa jioni, walale garini, washuke kreta Jumamosi na kurejea Jumapili.

Apandaye mlima akichoka hugeuka, na njia yote iliyobaki ni mteremko. Kreta ni kinyume chake, kwani unashuka ukiwa na nguvu, halafu ukuta wote, wenye kimo cha takriban mita 300, unakungoja wakati miguu imekwisha. Nilipokwenda mara ya kwanza, kushuka kupitia msituni kulinichukua chini ya saa moja nikadhani kazi ni nyepesi, lakini kupanda kulinichukua karibu mara mbili ya muda huo. Mwenzetu mmoja alimaliza maji yake kule chini, na ingawa ziwa limejaa karibu nusu ya sakafu ya kreta, hakuweza kunywa, kwa sababu maji yake ni ya magadi, yanayowafaa heroe tu.

Tena kuna baridi. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukingo wa Empakaai upande wa mashariki unapita mita 3,000. Kwa hiyo sisi tuliotoka usawa wa bahari tunahitaji sweta nzito, koti la mvua na, zaidi ya yote, usiku mmoja au miwili ya kuuzoeza mwili.

Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kishughulikiwe mapema. Msituni mna nyati, hivyo hamshuki bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki, naye huhitaji kiti garini. Gari lililojaa abiria tangu Mombasa litamweka wapi?

Nawaomba wasogeze safari hadi Julai, masika yakiwa yamepita na barabara ya udongo imekauka, waongeze siku mbili, na wafike ukingoni asubuhi, kabla ukungu haujauficha mlima Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Tudor, Mombasa