Risala ya Madaktari Wakufunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Ufundishaji wa Vitendo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tumeambiwa una kikao kingine mchana huu, hivyo hatutakuchosha.

Kikundi chetu kilianzishwa na madaktari wachache waliochoka kuwagombeza madaktari tarajali wodini. Tangu hapo mafanikio ni makubwa: tumenunua ubao mweupe, tumeshonesha fulana hizi unazoziona, na tumejifunza kunyamaza.

Hili la kunyamaza si dogo, Mheshimiwa. Daktari aliyezoea kuweka mrija wa kifua, ule wa kutoa hewa au maji yaliyokwama kifuani, mikono yake inakwenda yenyewe. Mwambie aeleze anavyofanya, ataruka hatua mbili tatu bila kujijua, kisha atamlaumu kijana kwa kutoelewa. Ndiyo maana tumefuata utaratibu wa kufundisha ujuzi wa mikono wa daktari mpasuaji Peyton, wenye hatua nne. Mkufunzi anafanya kimya kwa kasi yake ya kawaida. Anarudia polepole akieleza. Kisha mwanafunzi anaeleza na mkufunzi anafanya. Mwisho mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu ndiyo iliyotutoa jasho, kwa sababu mkufunzi hasogezi mkono mpaka aelekezwe. Wapo wakubwa wetu, hatuwataji kwa kuwa wamekaa mstari wa mbele, waliokaa na sindano hewani muda mrefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatua hizo nne zinahitaji mahali. Sisi tunafundishia katika ukumbi wa vikao, na kikao kikija tunatoka na vifaa vyetu kwenye beseni. Mbavu za mbuzi za kufundishia mrija wa kifua tunanunua wenyewe machinjioni. Kushona tunajifunzia kwenye vipande vya godoro. Mdoli wa mtoto mchanga tulio nao ni mmoja, na puto lake la kupulizia hewa limetoboka. Pasipo na mdoli, wa kwanza kufanyiwa mazoezi ni mgonjwa.

Hatuombi jambo geni. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikuta kwamba mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mdoli, lakini katika chumba cha kujifungulia kazi haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Semina zenye posho, Mheshimiwa, tumeshahudhuria za kutosha.

Chumba cha mazoezi tuliahidiwa. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapo ulipo akasema kitapatikana kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Hakutaja mwaka gani. Aliyemfuata aliweka jiwe la msingi. Jiwe lipo, utaliona upande wa kulia ukitoka. Tumelifagia kwa ajili ya ujio wako. Hatuna shaka ahadi zile zilitoka moyoni, na makofi yetu yalikuwa ya dhati. Safari hii tumekubaliana makofi yasubiri.

Ombi letu tumelipunguza. Hatuombi jengo tena. Jirani na wodi ya wazazi kuna stoo iliyojaa vitanda vibovu. Tupewe hiyo. Rangi tutapaka wenyewe, meza tutachangishana. Kinachokwama ni kibali cha kuondoa mali chakavu, na kibali hicho kinasubiri saini ya ofisi yako. Stoo ikishafunguliwa, tutaomba midoli mitatu, na saa moja kwa wiki iingizwe kwenye ratiba ya zamu, ili mkufunzi anapofundisha awepo wa kushika wodi yake.

Barua ya kibali tumeiambatanisha na risala hii. Sehemu ya tarehe tumeiacha wazi, na kalamu ipo mezani mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.